Filta ya ND, shata na pikipiki: kwa nini video imetulia lakini imejaa ukungu?

Msomaji wa Dodoma, ambaye mchana hurekodi safari za pikipiki na usiku hurekodi harusi, ameeleza kwamba video zake za barabarani zilikuwa zikirukaruka: barabara na mibuyu ya pembeni havitiririki, bali vinahama kwa vishindo kama picha za kugeuzwa moja moja. Alishauriwa anunue seti ya filta za ND, yaani vioo vyeusi vya kuvisha lenzi. Akavisha ile ya ND64, akaweka shata (muda ambao kihisi cha kamera hupokea mwanga kwa kila picha) kwenye 1/50 ya sekunde, akafunga kamera kwenye usukani wa pikipiki na kushika barabara ya Kondoa. Aliporudi na kufungua faili, akakuta picha imetulia vizuri katikati ya kioo, lakini kila kitu kina ukungu kana kwamba lenzi imepakwa mafuta, na vibao vya barabarani havisomeki. Anauliza alikosea wapi, aweke mipangilio gani, kwa nini ukumbini usiku video yake hupitiwa na michirizi myeusi, na kama afadhali aende kumrudishia muuzaji filta zake.

Ndugu yangu, hukukosea kununua filta. Ulikosea mahali pa kufunga kamera, kisha ukachagua shata isiyolingana na mahali hapo. Filta ya ND haitulizi kamera hata kidogo. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kupunguza mwanga unaoingia ili shata iweze kukaa wazi muda mrefu zaidi bila picha kuungua kwa weupe. Shata ikikaa wazi muda mrefu, kihisi cha kamera huandika mwendo wote unaotokea katika muda huo: mwendo unaoutaka, yaani barabara inayokujia, pamoja na mwendo usioutaka, yaani mtetemo wa injini. Kihisi hakichagui.

Tuanze na tatizo lako la kwanza, la video kurukaruka, kwa sababu bila kulielewa hutajua filta inatibu nini. Kamera hizi ndogo za kuvaa, ambazo wengi wetu tunaziita GoPro hata zikiwa za kampuni nyingine, karibu zote zina tundu la lenzi lisilobadilika, mara nyingi f/2.8 au f/2.5. Kamera kubwa ya picha ikikutana na jua kali hufinya tundu lake. Hii yako haiwezi. Ikishashusha ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) hadi 100, ambayo kwa kamera nyingi za aina hii ndiyo chini kabisa, inabaki na njia moja tu ya kujikinga na mwanga, nayo ni kuifanya shata iwe ya kasi zaidi. Kanuni ya zamani ya wapiga picha husema kwamba kwenye jua wazi, kwa ISO 100 na tundu la f/16, shata inayofaa ni takriban 1/100. Ukifungua tundu kutoka f/16 hadi f/2.8, mwanga huongezeka karibu mara 33, kwa hiyo shata inapaswa kukimbia hadi kama 1/3200. Kwa f/2.5 inafika kama 1/4000.

Sasa chukua pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa, ambazo ni mita 16.7 kwa sekunde. Ukirekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, kati ya fremu moja na inayofuata umesogea sentimeta 67. Lakini kwa shata ya 1/4000, fremu yenyewe imeandika mwendo wa milimita 4 tu. Jicho linapewa picha kali iliyoganda, kisha nyingine kali iliyoganda sentimeta 67 mbele, na katikati hakuna kitu. Huko ndiko kurukaruka kunakotoka. Ukiweka 1/50, kila fremu inaandika sentimeta 33 za mwendo, nusu ya safari yote hadi fremu inayofuata. Kingo za mawe na mistari ya barabara zinavutika kidogo kuelekea upande wa mwendo, na macho yanaunganisha fremu bila kushtuka. Nusu hiyo inatokana na kamera za filamu za zamani, ambazo shata yake ilikuwa sahani inayozunguka, iliyo wazi nusu na iliyozibwa nusu. Watazamaji wamelelewa na sura hiyo, ndiyo maana tunaiona kuwa ya kawaida. Kwa hiyo desturi ni kuzidisha idadi ya fremu kwa mbili: fremu 25 zinataka 1/50, fremu 30 zinataka 1/60, fremu 50 zinataka 1/100.

Kutoka 1/3200 hadi 1/50 ni kupunguza mwanga mara 64, na hapo ndipo jina la ND64 linapopata maana. Namba ya filta ni mgawanyo: ND8 hupitisha sehemu moja ya nane ya mwanga, ND16 moja ya kumi na sita, na kuendelea. Watengenezaji wengine huandika namba za desimali kwenye fremu ya filta, na watu hudhani wameuziwa kitu kingine: 0.9 ni ND8, 1.2 ni ND16, 1.5 ni ND32, na 1.8 ni ND64. Kwa kamera ya f/2.8 chini ya jua wazi la Dodoma, mahesabu yanakaa vizuri ajabu: ND64 inakupa takriban 1/50, ND32 inakupa 1/100, ND16 inakupa 1/200, na ND8 inakupa 1/400. Kama kamera yako ni ya f/2.5, picha itazidi mwanga kidogo, karibu theluthi moja ya hatua (hatua moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu), kiasi ambacho kwa kazi nyingi si cha kukusumbua isipokuwa kama unarekodi nguo nyeupe au barabara ya changarawe nyeupe saa saba mchana. Kwa maneno mengine, hesabu uliyopewa dukani ilikuwa sahihi kabisa.

Kilichokuangusha ni usukani. Injini ya pikipiki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hizo ni mara 50 kwa sekunde. Shata ya 1/50 ikifunguka, injini inakamilisha mzunguko mmoja mzima, na kamera iliyobanwa kwenye chuma cha usukani inatikiswa kwenda na kurudi katika fremu hiyohiyo moja. Ukivuta mafuta hadi mizunguko 6,000, fremu moja inabeba mitikisiko miwili kamili. Kibao cha barabarani kinaandikwa mahali pawili au zaidi ndani ya fremu moja, ndiyo maana herufi zake hazisomeki. Ulipokuwa unarekodi kwa 1/4000, mtetemo huo ulikuwepo vilevile, ila kila fremu ilichukua kipande kidogo mno cha mtikisiko kiasi kwamba hukukiona.

Utaniuliza: mbona kamera ina utulizaji wa kielektroniki, na picha kwa kweli ilikuwa imetulia? Utulizaji huo, ambao GoPro waliuita HyperSmooth tangu HERO7 Black ya mwaka 2018 na DJI wakauita RockSteady, hufanya kazi kwa kukata kingo za picha na kuisogeza fremu nzima ili ilingane na iliyotangulia. Unaweza kusogeza fremu, lakini huwezi kuufuta ukungu uliokwisha kuandikwa ndani yake. Matokeo yake ndiyo uliyoyaona: fremu imekaa palepale, lakini ndani yake ukungu unakuja na kuondoka kila gurudumu linapogonga shimo, na jicho haliutarajii kwa sababu hakuna mtikisiko unaoueleza. Mimi binafsi naona kasoro hiyo ni mbaya kuliko kurukaruka kwa kwanza. Ukilazimika kuchagua kati ya hizo mbili, tupa filta.

Lakini hulazimiki. Hamisha kamera kutoka kwenye chuma uiweke mwilini. Mkanda wa kifuani ndio ninaoupendelea kwa pikipiki, kwa sababu kiuno, mgongo na nyama za mwili humeza mitetemo ya haraka ya injini kabla haijafika kwenye lenzi, na kinachobaki ni kuyumba kwa polepole ambako utulizaji wa kielektroniki unakumudu bila shida. Kifuani pia unapata mikono na usukani kwenye fremu. Hivyo vinasafiri pamoja na kamera, kwa hiyo vinabaki vikali huku barabara ikivutika chini yake, na tofauti hiyo ndiyo inayompa mtazamaji hisia ya kasi. Kofia ngumu nayo hufaa, ila kichwa hugeuka sana kuliko tunavyodhani, na kila ukitazama kioo cha pembeni video nzima inafagiwa kwa ukungu. Kama mteja anashikilia lazima kamera iwe kwenye usukani, weka kipande cha mpira laini kati ya kishikio na chuma, ufupishe mkono wa kishikio kadiri uwezavyo, na usishuke chini ya 1/200.

Kwa barabara ya lami kati ya Dodoma na Kondoa, kamera ikiwa kifuani, ningeweka fremu 25, shata 1/100 na filta ya ND32. Hiyo ni nusu ya ukungu unaotajwa na kanuni, na ni makusudi: kanuni ya kuzidisha kwa mbili iliwekwa kwa ajili ya kamera nzito iliyokaa juu ya miguu mitatu, si kwa kifua cha mtu anayekwepa mashimo. Ukiacha lami na kushika njia ya vumbi, tuseme unapanda kuelekea michoro ya miambani ya Kolo, vile vituta vidogo vya mfululizo vitakutikisa hata kifuani. Hapo vua ND32, vaa ND16, na upandishe shata hadi 1/200. ND64 yako na shata ya 1/50 vitunze kwa ajili ya kamera iliyonatishwa kwenye kioo cha gari linalokwenda kwenye lami nzuri, au kwa ajili ya treni ya SGR. Treni hiyo, ambayo tangu 2024 inafika Dodoma, ni jukwaa tulivu kuliko gari lolote nililowahi kurekodia. Kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa na shata ya 1/50, vichaka vilivyo karibu na reli vinasogea karibu sentimeta 90 katika kila fremu na kugeuka michirizi ya kijani, ilhali vilima vya mbali vinabaki vimesimama wazi. Bandika lenzi karibu kabisa na kioo cha dirisha ili kuzuia mwakisi wa shati lako mwenyewe.

Kuhusu namna ya kupanga kamera, kuna njia mbili, na watu hubishana bure kuhusu ipi ni ya kitaalamu. Ya kwanza ni kufunga shata mahali unapotaka na kuiacha ISO ijipange kati ya 100 na 400. Njia hiyo inakupa sura ileile ya mwendo mwanzo hadi mwisho, lakini ina mtego: filta ikiwa dhaifu kuliko jua, ISO haiwezi kushuka chini ya 100, na anga lako litaungua bila kamera kukulalamikia. Ya pili ni kufunga ISO kwenye 100, kuiacha shata ijipange yenyewe, na kutumia filta kama breki inayoizuia isikimbie mbali. Ukipita chini ya mwembe, shata inalegea kidogo. Ukitoka juani, inakaza. Kwa safari ndefu ambayo huwezi kusimama kila kilomita kubadilisha filta, mimi hutumia hii ya pili, nikishusha pia fidia ya mwanga kwa nusu hatua ili mawingu yasipotee. Kwa tukio fupi la sehemu moja, natumia ya kwanza.

Kabla ya kuondoka, fanya jaribio dogo. Simama juani, funga shata na ISO 100, elekeza kamera kwenye barabara na anga unayokwenda kuirekodi, kisha vaa filta moja baada ya nyingine ukitazama kioo. Ile inayoonyesha mawingu yakiwa na umbo na vivuli vikiwa havijawa vyeusi kabisa, ndiyo ya saa hiyo. Ni dakika mbili tu, na linashinda jedwali lolote, likiwemo la mahesabu yangu hapo juu, kwa sababu mwanga wa kwetu haukai mahali pamoja. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini kabisa, na kwa kuwa tuko magharibi ya mstari ambao saa za Afrika Mashariki zimepimiwa, utosi huo hufika saa sita na nusu, si saa sita kamili. Kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni wakati wa kiangazi, fikiria jua wazi. Wingu jembamba likipita, shuka filta moja. Wingu zito la masika likitanda, shuka mbili au tatu. Kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, ND8 mara nyingi inatosha, na jua likigusa kilima vua kila kitu, kwani filta isiyohitajika inailazimisha kamera kupandisha ISO na kukujazia chenga kwenye vivuli.

Hapo ndipo tunapofika ukumbini. Michirizi myeusi ya usiku haihusiani na filta. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za mirija na baadhi ya taa za LED hupunguza na kuongeza mwanga mara 100 kwa sekunde. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa hezi 60, mfumo wa Marekani, ambao hurekodi fremu 30 kwa shata ya 1/60. Muda huo hauchukui mawimbi kamili ya taa zetu, na ziada inayobaki huonekana kama mkanda mweusi unaotambaa kwenye picha. Ingia kwenye mipangilio, tafuta kipengele cha kuzuia kumetameta kwa taa, chagua 50Hz. Kamera itakuletea fremu 25 na 50. Tumia shata ya 1/50 au 1/100 tu. Ikiwa mteja amesisitiza fremu 30, bado unaweza kufunga shata kwenye 1/100 endapo kamera yako inairuhusu, na mkanda utatoweka. Taa za rangi za MC na DJ zinazoendeshwa kwa mitambo yake zina tabia zake, na kwa hizo hakuna shata inayoponya zote. ND haina kazi ukumbini. Iache kwenye begi.

Kuna filta nyingine mbili utakazouziwa. Ile ya kuzungushwa, inayobadilika kutoka giza dogo hadi giza kubwa, ni nzuri kwenye lenzi za kawaida, lakini kwenye lenzi pana kama yako huchora msalaba mweusi katikati ya anga ukiisukuma hadi mwisho. Filta ya kupunguza mng'ao ni ya thamani ukirekodi maji, kwa mfano bwawa la Mtera au Hombolo, kwa kuwa huondoa weupe wa juu ya maji na kukuonyesha rangi yake. Kwenye anga, hata hivyo, lenzi pana huonyesha upande mmoja bluu nzito na upande wa pili bluu iliyofifia, nayo inakula mwanga kati ya hatua moja na nusu na mbili, jambo ambalo lazima ulihesabu unapochagua ND.

Vumbi lisikuponyoke. Lenzi ya kamera hizi ni ndogo na huona vitu vikiwa vikali kuanzia karibu sana, hivyo punje iliyonasa kati ya filta na kioo cha lenzi huonekana kama doa, hasa jua likiwa mbele yako. Badilisha filta ukiipa upepo mgongo, pulizia kwanza kwa kipulizo cha mpira, na ndipo ufute kwa kitambaa laini cha miwani. Ukianza kufuta kwa shati lenye vumbi la Bahi, umekwisha kupiga msasa. Tena, kama filta yako inachukua nafasi ya kioo cha kinga badala ya kukaa juu yake, soma maelekezo kuhusu maji kabla ya mvua kukukuta njiani, kwa sababu kwenye baadhi ya kamera kioo hicho ndicho kinachozuia maji.

Kwa njia mbovu kweli, zile ambazo hata 1/200 inatoka na ukungu, iko njia ya kompyuta ambayo wengi hawaitumii. Rekodi bila filta, shata ikimbie itakavyo, kila fremu iwe kali. Kisha tuliza picha baadaye kwa programu kama Gyroflow, ambayo ni ya bure na hutumia takwimu za mwendo zilizohifadhiwa na kamera ndani ya faili, na mwishoni ongeza ukungu wa mwendo wakati wa kuhariri. DaVinci Resolve ina kipengele hicho katika toleo lake la kulipia la Studio. Ukungu unaoongezwa baada ya kutuliza hufuata mwendo wa barabara peke yake, kwa kuwa mtikisiko umekwisha ondolewa. Gharama yake ni muda: kompyuta ya kawaida itahema, na pale vitu vinapopishana haraka, mfano nguzo mbele ya ukuta, utaona kingo zimechafuka.

Kuhusu kumrudishia muuzaji seti yake, usirudishe. Kama ndani yake zimo ND8, ND16 na ND32, hizo tatu ndizo utakazotumia kwa sehemu kubwa ya kazi zako za pikipiki, na ND64 itasubiri gari au treni. Ukiona moja inatia picha rangi ya kijani au ya udongo, jambo la kawaida kwa filta za bei ya chini, irekodi karatasi nyeupe juani ukiwa nayo na ukiwa huna, mizania ya weupe (mpangilio wa kamera wa kurekebisha rangi) ikiwa imefungwa, kisha mpelekee muuzaji video hizo mbili akubadilishie ile moja.